Sentensi Niliyoiacha Posta

Mafiga, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Idrisa,

Salamu nitazitoa mwisho, kama utakuwa bado unazitaka. Mambo ya safari mama yako amekwisha kuyasema, na kwa namna anavyoyarudia nina hakika umeyashika: sweta, dawa ya malaria, jina la mtu wa kukupokea Khartoum, pasipoti isitoke mfuko wa ndani. Sina la kuongeza hapo. Barua hii nimeiweka juu ya nguo zako, si chini, ili uione leo ukirudi kutoka Matombo kumuaga bibi yako. Ningetaka uisome ndegeni ningeificha. Nataka uisome ukiwa bado Morogoro.

Kazi yangu imenifundisha kuanza na lililo zito, maana msomaji anaweza kuondoka wakati wowote. Shomari, huyu muuza iliki unayemwita mjomba, hakukatwa mkono na msumeno wa kupasulia mbao. Alikatwa na watu, kwa panga, uani kwa mama yake mkubwa, Jumamosi asubuhi. Waliomkata walikuja na gazeti. Habari waliyokuja nayo niliiandika mimi.

Mwaka ule wewe ulikuwa Matombo kwa bibi yako, unasoma shule ya pale karibu na misheni, na uliporudi ulikuwa bado na umri wa kuamini msumeno. Miaka tisa imepita. Sasa una umri wa kuandika karatasi inayobandikwa ukutani, kwa hiyo una umri wa kujua.

Ulikuwa wakati wa ruksa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ilirudi madukani ghafla, na pamoja nayo redio za kaseti, saa za kuwaka usiku na mitumba ya kila rangi. Viwanda navyo vikaanza kupunguza watu. Vijana waliozoea kuamka na king'ora cha zamu wakawa wanakaa vibarazani wakitazama vitu vikipita. Baadhi yao wakapanda mlimani. Njia ya Matombo ilikuwa mbovu kuliko unavyoikuta leo, lori la ndizi lilikuwa linatambaa, na mahali pa kuliwekea gogo palikuwa pengi. Wakapora mikungu, wakapora pesa za akina mama waliokuwa wakirudi kuuza, wakapora hata cherehani ya fundi aliyekuwa anahamia mjini. Siku moja mama mmoja muuza matunda aling'ang'ania fuko lake, akapigwa panga la bega.

Shomari alikuwa mmoja wa wale wanne. Hakuwa yeye mwenye panga, lakini alikuwepo, na yule mama alimfahamu tangu mdogo. Alikuwa akiuza machungwa pamoja na mama mzazi wa Shomari. Shomari aliniambia baadaye kwamba alipomwona ameanguka alimsikia akimwita kwa jina la utotoni. Siku ya nne yake akashuka mjini, akaenda moja kwa moja kwa Maalim Kibwana. Alikuja na cherehani, baiskeli na redio, vitu vyote vilivyokuwa fungu lake. Hakuna aliyekuwa amemkamata. Polisi walikuwa hawana hata jina lake.

Maalim ndiye huyo unayemnukuu kwenye karatasi yako. Ulimkuta amezeeka. Wakati ule alikuwa anafundisha darsa kila siku baada ya alasiri, sauti haipandi, haishuki, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Alimpeleka Shomari kwa mama wa matunda. Yule mama akakataa kumwona. Akasema atamsikiliza bega likianza kupona, labda baada ya wiki. Wakakubaliana hivyo. Akishasikilizwa pale, Maalim angemsindikiza kituo cha polisi yeye mwenyewe, siku ya Jumatatu. Shomari akaambiwa akae kwa mama yake mkubwa, kule mwanzo wa njia ya mlimani, asitoke.

Katika kungoja huko ndipo Maalim akaamua kufundisha aya za makosa. Mji ulikuwa umechemka. Kila kibaraza kilikuwa na hakimu wake. Akatenga alasiri tatu, nami nikaenda na daftari.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mwizi. Nilikuja nikitegemea kuandika adhabu, nikaishia kuandika masharti. Maalim aliuliza tofauti ya mkungu wa ndizi ulioachwa kando ya njia na mkungu uliofungiwa stoo. Akasema anayechukua wa njiani amefanya ubaya, na hakimu anaweza kumwadhibu kwa kadiri aonavyo, lakini siye mwizi anayetajwa kwenye aya, kwa sababu mali haikuwa kwenye hifadhi. Akaja kwenye thamani ya kitu. Akaja kwenye njaa. Akaja kwenye shaka: ikiingia shaka, adhabu ile kubwa inaondoka, inabaki ndogo. Mzee mmoja mwenye bucha iliyokuwa imevunjwa mara mbili akachoka kusikiliza.

"Sasa Maalim, kwa masharti yote hayo, atakatwa nani?"

"Sasa ndiyo umeanza kusoma," Maalim akamjibu.

Siku ya pili ilikuwa ya wanyang'anyi, wale wanaotisha njia na kueneza uharibifu. Alisema watu wanawachanganya hawa na mwizi, na sheria haiwachanganyi: mwizi anategemea usimwone, mnyang'anyi anategemea umwone uogope. Kwa huyu wa pili zimetajwa adhabu nne, na katikati ya adhabu na adhabu kuna neno "au". Alikaa kwenye hiyo "au" karibu saa nzima. Wapo wanazuoni walioisoma kwamba mtawala anachagua mojawapo. Wapo walioisoma kama ngazi: aliyeua ana yake, aliyeua na kupora ana yake, aliyepora bila kuua ana yake, ambayo ni mkono na mguu, na aliyetisha tu ana yake, ambayo ni kuondoshwa katika nchi. Wote walikuwa watu wazima wenye elimu, akasema, na wote walisoma neno moja lile lile.

Kisha akafunga msahafu kidole kikiwa bado ndani, akasema maneno hayajaisha. Aya inayofuata inafungua kwa "isipokuwa". Inawatoa waliotubu kabla hawajatiwa mkononi. Kwa mtu wa namna hiyo, akasema, haki ya Mungu imeondoka. Imebaki haki ya watu. Arudishe alichopora, awakabili aliowaumiza. Na katika aya zote mbili, akaongeza, anayeambiwa akate ni mwenye mamlaka aliyekaa akasikiliza mashahidi. Mtu aliyesimama sokoni hajaambiwa kitu.

Akatutazama kidogo. "Yupo mtu katika mji huu ambaye hiyo isipokuwa ni yake," akasema. "Kwa hiyo muichunge."

Nililiandika hilo. Daftari ninalo, nalo utalikuta chini ya barua hii.

Siku ya tatu ilikuwa ya kisasi, fidia na kusamehe. Sikuhudhuria. Nilikuwa Posta.

Gazeti nililokuwa nikiliandikia lilikuwa jipya, la mtu binafsi, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye miaka mingi ya kuandika habari za serikali ambazo hakuna aliyezisubiri. Sasa watu walikuwa wananunua. Mhariri alitaka habari fupi zenye makali. Ulikuwa unaagiza simu ya Dar, unangoja kwenye benchi, ukiitwa unaingia kibandani na kusoma habari yako, kijana wa upande wa pili anapiga taipu. Nyuma yangu siku ile kulikuwa na foleni. Nilisoma kichwa cha habari. Nikasoma jina la Maalim, nikasoma adhabu ya mnyang'anyi, mkono na mguu. Dada wa Posta akaingia kwenye laini akasema imebaki nusu dakika.

Kwenye daftari zilikuwa zimebaki sentensi mbili. Moja ilisema kwamba aliyetubu kabla ya kukamatwa hahusiki na adhabu hiyo. Ya pili ilitaja daraja ambalo lori la mwisho liliporwa na kwamba mama mmoja alijeruhiwa begani. Nafasi ilikuwa ya sentensi moja. Nikasoma ya daraja.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu jepesi ni muda. Jibu la kweli ni kwamba ile sentensi ya kwanza iliipoza habari. Ningeweza kumwomba dada anipe dakika nyingine. Alikuwa ananifahamu, angenipa. Sikuomba. Nilitoka kibandani nimeridhika, nikanunua muwa, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Gazeti lilifika Jumamosi na basi la kwanza. Sikuwepo uani, kwa hiyo nakupa nilichothibitisha kwa watu watatu. Walikuja kama kumi na tano. Wengi wao walikuwa vijana wanaosali, watu ninaowajua kwa majina, na wawili bado nakutana nao. Aliyetangulia alikuwa ameshika gazeti limekunjwa kwenye habari yangu. Si polisi waliowaambia kwamba Shomari yupo pale. Walijua kwa sababu mama yake mkubwa alikuwa amenunua nyama nyingi kuliko kawaida yake. Mama mkubwa aliwaambia huyu ametubu, yuko kwa Maalim. Mwenye gazeti akamjibu, "Maalim mwenyewe ndiye aliyesema. Soma hapa." Akasoma. Akafika mwisho, na mwisho ulikuwa daraja.

Walikata mkono wa kulia. Mguu waliuacha kwa sababu mama mkubwa aliulalia, na hakuna aliyetaka kumkata bibi kizee asiyetajwa gazetini.

Maalim alikuja hapa nyumbani Jumapili. Alikataa kiti. Alikuwa na nakala ya gazeti, na alikuwa ametoka kupita misikiti mitano akiisoma mwenyewe na kuongezea kwa mdomo yale yasiyokuwemo. Aliniuliza jambo moja.

"Isipokuwa uliisema?"

"Niliisema, Maalim," nikamwambia. "Wameikata Dar."

Akakunja gazeti. "Basi Mungu awasamehe wa Dar," akasema, akaondoka.

Hilo ndilo, Idrisa. Sentensi ya kwanza niliikata kwa haraka. Hii ya pili niliitunga nikiwa nimetulia, mbele ya mtu mzima, sebuleni kwangu. Aliishi miaka mingine sita na hakuniuliza tena. Kila Ijumaa aliniombea nisikatiwe maneno yangu. Nilikuwa naitikia amina. Siku ya maziko yake nilibeba jeneza upande wa mbele, na watu wakanipa pole kama mtoto wake.

Waliokata hawakushtakiwa. Mashahidi hawakupatikana. Shomari yeye alikaa wodini, kisha akafikishwa mahakamani kwa ile kesi ya barabarani, akakiri, akafungwa miaka miwili na nusu. Mama wa matunda alikwenda kutoa ushahidi, akasema anadai fuko lake tu, bega amesamehe. Hakimu akaandika.

Shomari alitoka jela akaanza biashara ya iliki na mdalasini, akitoa Matombo na kuuza mjini. Mzigo wa kwanza aliuleta hapa. Ulikuwa umerudi kwetu, una miaka kumi na mitano, ukatoka kumwamkia. Ulisema shikamoo mjomba, ukatoa mkono wa kulia kama ulivyofunzwa, ukakuta hakuna mwenzake. Sijui kama unakumbuka. Ulitazama kidogo, ukabadilisha, ukatoa wa kushoto. Akaupokea. Baadaye ustadhi wako alikuchapa kwa kumsalimia mzee mwingine kwa mkono wa kushoto, kwa mazoea, nawe hukusema mazoea hayo uliyapata kwa nani. Jioni ile ya mzigo wa kwanza Shomari aliniambia, "Mwandishi, huyu mtoto msimwambie. Nataka katika mji huu awepo hata mmoja ambaye kwake huu mkono ni ajali." Ndipo tukatunga msumeno. Mimi nilikuwa nimeshapata mazoezi ya kutunga.

Unamjua kwa mzaha wake. Ulikuwepo ule mwaka wa vyama vingi alipotoka kwenye mkutano wa siasa akasema yeye ndiye mtu pekee Morogoro asiyempigia makofi mgombea yeyote, na kwamba vyama vyote vimeshamtilia shaka. Ulicheka mpaka ukamwaga chai. Nilicheka pia.

Shomari nilimwambia ukweli baada ya Maalim kufariki. Nilimfuata kwenye kona yake anapouzia, nikakaa juu ya gunia, nikamweleza: Posta, nusu dakika, sentensi mbili. Alikuwa anamenya chungwa, amelibana kwa magoti. Alimaliza kulimenya kwanza.

"Lile gazeti walilitupa pale uani," akasema. "Mama mkubwa akanifungia nalo nguo za kwenda hospitali. Nikalisoma wodini. Nilimsikia Maalim kwa masikio yangu akisema isipokuwa, nilikuwa nimetoka kwa siri, nimekaa nyuma ya pazia. Nikaitafuta. Nikaitafuta mpaka kwenye matangazo ya vifo."

Akanipa nusu ya chungwa. Hakusema amenisamehe na mimi sikumuuliza. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

Sasa nije kwako.

Juzi nilikwenda Mzinga kufuatilia habari ya wafanyakazi. Kwenye ukuta wa kioski kimoja nikaona karatasi ya fotokopi yenye kichwa "Hukumu ya Mwizi na Mharibifu". Kabla sijasoma nilijua imepigwa wapi. Taipureta yangu inaangusha herufi r chini ya mstari tangu wewe hujazaliwa. Nilisoma mistari mitatu kwa furaha. Kiswahili kimenyooka, hoja zimepangwa, hakuna neno la ziada. Mstari wa nne ukanigusa: "kama alivyofundisha marehemu Maalim Kibwana, taz. gazeti," kisha maneno yangu ya Posta, neno kwa neno, yakiishia pale pale nilipoishia mimi. Ulifungua sanduku langu la vipande vya magazeti ukachukua ulichohitaji. Sikulaumu. Mwanafunzi mzuri hurejea chanzo. Chanzo chenyewe ndicho kilichokatwa.

Najua kwa nini uliiandika. Vioski vitatu vimeng'olewa mabati mwezi huu, na betri ya kipaza sauti cha msikiti imeibiwa, jambo ambalo hata mimi limeniudhi. Vijana wenzako wameanza kulinda zamu. Ulitaka jambo liwe na elimu ndani yake, lisiwe la marungu. Hata mimi ningekuwa na umri wako ningeandika.

Lakini chini ya karatasi ile, chini ya jina la jumuiya yenu, mtu ameongeza maneno mawili kwa kalamu ya wino mwekundu: "Tunaye hapa." Chini ya maneno kuna mchoro. Mtu ameweka kiganja chake juu ya karatasi akakizungushia kalamu. Nilisimama nikakipima na changu. Ni cha kushoto.

Kijana wa kioski aliniamkia vizuri, shikamoo mzee, akaniuliza kama Idrisa si mwanangu, akasema umeandika bomba, walikuwa wanangoja msomi aseme. Nikamuuliza nani amechora mkono. Akasema ni utani tu. Nikaendelea kumtazama.

"Ila jamaa mwenyewe anajulikana, mzee," akasema. "Wa kwanza keshautoa. Bado wa pili."

Sikuichana. Nakala zipo nyingine. Mpaka jana jioni nilikuwa nimeziona sehemu nne, na mbili kati yake zina mkono. Hapa mtaani, hatua chache kutoka anapouzia Shomari iliki, kuna moja. Vijana hawajui habari ya uani. Wengi walikuwa watoto kama wewe. Wanaona tu mtu asiye na mkono karibu na kitu kilichopotea, wanasoma karatasi inayosema mwizi hukatwa mkono, wanarudi nyuma kwa hesabu. Kovu lenyewe limekuwa ushahidi. Betri ile ilikuwa darini, juu ya mihimili. Nimekwenda msikitini nikapanda mwenyewe kuangalia. Kufika kule na kushuka na mzigo ule kunahitaji mikono miwili. Nimemwambia hivyo kiongozi wa zamu. Amesema atalifikiria.

Leo asubuhi nilikwenda Posta ile ile. Nikampigia mhariri wa sasa, kijana mwenye adabu, nikamwomba atoe masahihisho kwenye habari ya miaka tisa iliyopita. Alidhani hajasikia vizuri. Akaniuliza kama mhusika amelalamika. Nikasema hajalalamika. "Sasa mzee wangu, tunamsahihishia nani?" akasema, na akanitakia mapumziko mema.

Kwa Shomari nilikwenda jana. Nimemwomba apande Matombo akae kwa mama wa matunda, ambaye siku hizi anamwita mwanangu. Amekataa. "Niende wapi ambako hawatanihesabu mikono?" Kisha akasema Ijumaa unasafiri na atakuja stendi kukuaga, ameshakufungia iliki. Nikamwambia stendi kuna watu wengi. Akasema ndiyo maana ya stendi.

Huko unakokwenda watakufundisha haya vizuri kuliko Maalim, kwa lugha yenyewe. Utajua hadi, ile adhabu iliyopangwa na aya, ni nini, kisasi ni nini, taaziri, ile anayoikadiria hakimu, ni nini, na nani alisema nini juu ya "au". Sina ugomvi na aya. Nimesali nazo maisha yangu yote. Ninachokijua mimi ni kidogo na cha kazi yangu: kila nilipofika kwenye adhabu nikahisi nimepata habari, nilikuwa bado sijafika mwisho wa ukurasa. Na watu hawaulizi kilichobaki nyuma. Wanakuja na ulichowapa, kimekunjwa mahali panapofaa.

Kesho nitasali alfajiri msikitini. Imamu amenipa nafasi baada ya swala. Nitalichukua daftari kwako, nisimame nalo niseme nilikata mimi, si Dar, nisome sentensi ile. Nimeirudia mara kadhaa leo. Inachukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Lakini mimi ni mzee wa magazeti, na vijana wale hawanifuati mimi. Karatasi ni yako. Sikuamrishi. Nakuarifu tu kwamba nitakuwa mstari wa kwanza, na kwamba pembeni yangu pana nafasi.

Basi lako la kesho linaondoka saa nne asubuhi. Shomari atakuwa pale kabla yake, kwa sababu hachelewi, na wale wa zamu nao watakuwepo, kwa sababu wanakuaga wewe, msomi wao. Atakuja mpaka ulipo, ataweka kifuko cha iliki chini ili mkono uwe huru, atautoa. Ni ule ule wa kushoto uliouzoea. Safari hii utaupokea ukiwa unajua, na wao watakuwa wanatazama unaupokeaje.

Salamu sasa, kama nilivyoahidi. Naisikia gari ya Matombo ikipunguza gia kule kwenye kona. Barua hii nimeisoma mara mbili toka mwanzo. Palikuwa na mahali pengi pa kupunguza. Sikupunguza.

Baba yako